Kuku Watano Waliopanda Mlima Wakitetemeka

Mashoga zangu wa Bugene, tangu nirudi mnaingia dukani mmoja mmoja, mnajidai kuulizia kitenge, kumbe mnataka kujua nilipotelea wapi. Nimesimulia mpaka koo limenikauka, na kila anayesikia anakwenda kuongeza chumvi yake. Jana nimesikia eti nilikamatwa! Sikukamatwa. Nimeandika mwenyewe, msome na mpeane. Habari za kibali cha mifugo na mihuri yake naziruka, hazina utamu.

Kwa asiyejua, Anastazia ni Mnyambo wa kijiji kimoja huko juu milimani, mbele ya Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Tulijuana wodini, vitanda jirani, tukajifungua siku moja, yeye Editha na mimi Salma wangu. Mkristo na Mwislamu, lakini Krismasi nilikuwa kwake na Idi alikuwa kwangu. Miaka miwili iliyopita Editha alipata kipaimara. Mwenzenu nikanunua kuku mnadani, mweupe, mnene, nikampelekea kwa mbwembwe zote. Siku ya tatu yule kuku akapinda shingo, akaharisha kijani, akafa. Kideri! Kikafagia kuku wa Anastazia wote kumi na tisa, kikavuka ua, kikamaliza na wa majirani. Na aliyekipeleka ni mimi. La kuvunda halina ubani. Sikuwa na la kusema, nikanyamaza, na yeye akanyamaza.

Mwaka huu nikasema hapana, siwezi kufa na fundo hili. Nikalea mwenyewe mitetea wanne na jogoo mmoja, nikawachanja, bwana mifugo akawakagua mmoja mmoja. Nikaamua kuwapeleka kwa mkono wangu. Wakipokelewa, nimempata shoga yangu. Akiugua hata mmoja, basi tena, sina uso wa kukanyaga kijiji kile mpaka naingia kaburini. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, wala si biashara kama mnavyosema.

Bugene mpaka Omurushaka

Niliondoka asubuhi kwa bodaboda, tenga la kuku nimelipakata kama mtoto. Wallahi nilikuwa na furaha! Jogoo naye akawa anawika njia nzima, watu wanasimama barabarani wanacheka, dereva wa bodaboda anapiga honi kumwitikia. Tulipofika Omurushaka nilikuwa nimeshasahau woga wote.

Ukanirudia nilipokaa pale saa tatu nzima nikisubiri usafiri. Mwishowe nikampata Kamugisha, kijana mcheshi mwenye pikapu, anapeleka mabati Nkwenda. Akaniweka mbele, tenga likakaa nyuma juu ya mabati chini ya turubai. "Mama, nitapitia Bweranyange kidogo tu," akasema. "Dakika kumi." Ninyi mnazijua dakika kumi za madereva.

Bweranyange, nyumba ya mama mkwe

Kufika Bweranyange, Kamugisha akasimamisha gari mbali na nyumba, akajilaza kwenye kiti, kofia usoni. Nikadhani ameugua.

"Mama yangu, nisaidie," akasema chini ya kofia. "Pale ni kwa mama mkwe. Kwetu mkwe haonani naye uso kwa uso, ni aibu kubwa. Nilikuwa nipitishe kwa shemeji, naona leo hayupo. Mpelekee hii sukari na sabuni, sema mkweo anakusalimu."

Nikacheka! Dume zima linajificha! Lakini mila ni mila, nikashuka. Kwa kuwa jua lilikuwa kali nikabeba na tenga langu, ili kuku wangu wanywe maji kivulini.

Yule mama alinipokea kwa mikono miwili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kwa Kinyambo nimeshindaje, nikajibu kwa vineno vyangu viwili vitatu, akafurahi kana kwamba nimehubiri. Akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kisha ndizi na maharage, laini, zina moshi kidogo wa kuni, jamani nilikula mpaka nikafungua mkanda. Ananiuliza habari za mkwewe, namjibu. Anatazama tenga, anatabasamu. Mimi natabasamu pia. Sikujua tunatabasamia nini.

Muda ukapita. Nikaona hatuagani. Nikauliza, "Mama, mbona kama tunamsubiri mtu?"

"Tunamsubiri Hamisi," akasema. "Ni jirani, Mwislamu mwenzako. Nimeona umejifunga mtandio, nikasema mgeni wangu hawezi kula kuku niliyemchinja mimi. Atakuja yeye achinje."

"Achinje nani?"

"Si huyu jogoo mkwe wangu aliyeniletea!"

Loo! Nikageuka, jogoo wangu, kumbe alitolewa tengani nilipokuwa nakula, amefungwa mguu kwa kamba ya mgomba nje ya jiko, na sufuria ya maji inachemka. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini sikujua kamba yenyewe inafungwa haraka hivyo. Nilisimama nusura niangushe kahawa za watu. Kumbe kwao mtu akiingia uani na sukari ya mkwe mkononi na kuku kwenye tenga, vyote ni vya mkwe, nani aulize zaidi?

Nikamweleza yote, tangu wodini mpaka kideri. Aliponisikia akashika kinywa, akaenda mwenyewe kumfungua jogoo. "Mpeleke, mwanangu," akasema. "Mimi nitadai wangu kwa huyo aliyejificha garini. Anadhani simwoni?" Akachota mahindi akawapa kuku wangu. Nikampenda yule mama. Kama si heshima yake ya kumngoja Hamisi, ningefika Kyerwa na mitetea wajane.

Bweranyange mpaka Nkwenda

Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda, na mawingu yakashuka. Kamugisha akatazama juu akaguna. Mvua ilipokuja haikuja na adabu. Kwanza matone, kisha upepo, kisha mvua ya mawe, inapiga mabati nyuma yetu hatusikilizani hata kwa kupayuka. Gari likateleza, likaingia mtaroni, likakaa humo.

Niliruka nje. Turubai lilishapeperuka! Tenga limejaa maji na barafu, kuku watano wameloa chapachapa, wembamba kama vijiti, macho yamefumba nusu. Nilipiga kelele. Pembeni palikuwa na shamba la migomba na kibanda cha nyasi, nikakimbilia humo na tenga kichwani, nalia, natukana mvua, namwomba Mungu, vyote kwa pamoja.

Ndani alikuwamo mwanaume mmoja, jembe pembeni, naye amekimbia mvua. Aliitwa Sylvester, kibarua wa shamba lile, wazazi wake walitoka Burundi. Hata salamu sikumaliza. Nikavua kanga yangu, nikaanza kumviringisha kuku mmoja mmoja kwa nguvu, nimkaze, nimkaze, apate joto. Nyie si ndivyo mnavyomfunga mtoto mchanga?

"Mama, mwachie," Sylvester akasema.

"Nimwachie afe?"

"Unamwua wewe. Kuku akiona baridi anavimba, manyoya yanasimama, hewa inakaa ndani, ndilo blanketi lake. Sasa wewe umemlaza manyoya, umemkaza na nguo mbichi. Atavimbaje?"

Nilitaka kumjibu vibaya, maana mimi nikiwa na hofu mdomo wangu hauna breki. Lakini alishapiga magoti. Alitoa fulana kavu kwenye mfuko wake, akawa anawakamua maji taratibu, kufuata manyoya yanakolalia, asiyavuruge. Tukalikung'uta tenga, tukatandika majani makavu ya migomba tele, tukawaweka bila kuwabana, upande usio na upepo. Moto hatukuwa nao, kila kuni ilikuwa mbichi.

Ndipo wakaanza kutetemeka. Jamani, kutetemeka! Kifua kinacheza, mabawa yanacheza, tenga lenyewe linatoa mlio. Nikashika kichwa nikasema wamekwisha.

"Shukuru Mungu," Sylvester akasema. Sasa alikuwa anatabasamu. "Huo ndio moto wao. Mtu ana kuni, kuku ana nyama ya kifua. Anaitikisa hapo hapo alipokaa, nyama inafanya kazi, inatoa joto. Anayetetemeka anapika. Akiacha kutetemeka na bado ana baridi, huyo ndiye umlilie."

"Wewe umesomea wapi?"

"Kwenye banda la mama yangu, mlimani. Ila vifaranga hawawezi, wale hawana nyama wala manyoya, ndiyo maana wanaingia chini ya mama yao. Hawa wako ni watu wazima. Wape chakula tu. Jiko lisilo na kuni halipiki."

Alifungua kiporo chake cha mahindi ya kuchemsha, chakula chake cha mchana, akawapukuchulia kuku wangu punje moja moja. Nilimwangalia nikaona haya kwa vile nilitaka kumtukana. Mitetea wawili wakala. Baadaye wa tatu. Na mimi mwenyewe natetemeka, meno yanagongana, Sylvester akanitazama akacheka, "Na wewe mama unapika." Nikacheka mpaka kifua kikapata moto kweli.

Kulitoa gari mtaroni kulituchukua muda mrefu, na wanaume sita. Sitawachosha. Tuliingia Nkwenda jua limeinama.

Nkwenda mpaka kwa Anastazia

Kamugisha akanitafutia bodaboda ya kupanda kijijini, naye akamsubirisha dereva mpaka ninunue senene, wale panzi wa kuliwa, maana ulikuwa msimu wao, na kwenda kwa Anastazia mikono mitupu mbali ya kuku sikuweza. Nikapata mfuko wa senene wa kukaanga, wa moto, wana chumvi. Njiani upepo wa mlimani unakata masikio. Ndani ya tenga kuku wamevimba kama mipira, na wanatetemeka bado.

Wanawake walikuwa wanarudi kisimani. Mmoja alinitambua. Akaangalia tenga, akaona yale manyoya yaliyosimama na kile kitetemeko, akatua ndoo.

"Kideri kimerudi!"

Mungu wangu. Walitoka watu kila mlango. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na hawa niliwauma mimi, siwalaumu. Akaja mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Rwegasira, mtu mpole lakini siku hiyo amekunja uso. Anastazia akaja nyuma yake. Miaka miwili! Amekonda kidogo. Hakuniita jina, hakunisalimu, alikuja akasimama tu, mikono kifuani.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Hawa wamechanjwa wote. Ni baridi tu, wamenyeshewa."

Mzee Rwegasira akapeleka mkono chini ya bawa la mtetea. Akautoa haraka. "Anaungua! Anatetemeka na mwili unaungua. Mama, mimi nimeugua malaria kila mwaka, homa naijua. Hawa ni wagonjwa. Wachomwe hapa hapa, wasiingie."

Nikapeleka mkono na mimi. Kweli, joto! Joto kuliko la mtu mwenye homa. Niwaambie ukweli, mashoga zangu, nilisema moyoni, Mwanaidi, umefanya tena. Mtu mmoja alishachukua kiberiti.

Halafu nikavikumbuka vifua vyao vinavyocheza kule kibandani, hasira ikanipanda kutoka kisigino. "Hachomwi mtu hapa!" nikapayuka. "Mzee, nakuheshimu, lakini umewahi kumshika kuku mzima chini ya bawa ukapima homa yake? Leteni kuku wenu! Leteni aliye mzima kabisa!"

Kisha nani akaondoka kwenda kumleta? Anastazia. Akaingia kwa jirani, akarudi na koo mwekundu aliyekuwa anachakura uani, mzima kama kengele. Akapitisha mkono chini ya bawa la yule, akaukaza pale. Mkono mwingine akautia chini ya bawa la mtetea wangu. Akafumba macho.

"Ni sawasawa," akasema. "Joto ni lile lile."

"Haiwezekani," Mzee Rwegasira akasema, akajaribu mwenyewe. Akajaribu tena. Wanawake wakapanga foleni kumshika koo wa watu, maskini akapiga kelele zote anazozijua. Kumbe ndivyo kuku alivyoumbwa, mzima ana joto ambalo mimi na wewe tukiwa nalo tungelazwa! Tunafuga tangu babu, tunawala kila sikukuu, hatujui.

"Na kutetemeka je?" yule wa kiberiti akauliza.

"Anapika!" nikamwambia. "Anatikisa nyama ya kifua apate joto. Mgonjwa wa kideri anakula?"

"Hali kitu," wakajibu wengi. Waliyaona kwa macho yao.

Nikamwaga senene. Mfuko wote, chini, mbele ya tenga, nikalifungua. Wanawake wakaguna kwa uchungu, "Senene kwa kuku!" Lakini jogoo akatoka kama ametumwa, na mitetea nyuma yake, wakawaparamia wale senene, wanatetemeka huku wanakula, wanapokonyana, mmoja anakimbia na mguu wa senene mdomoni. Watu wakaanza kucheka. Hata yule wa kiberiti akacheka.

Mzee Rwegasira hakucheka. Akasema, na alisema haki, "Mama Salma, leo wanakula. Yule wako mweupe naye siku ya kwanza alikula. Ugonjwa una siku zake. Wakae siku saba, mbali na kuku wote, na wewe ukae nao. Mwenyewe hutoki."

"Watakaa wapi?" mtu akauliza. "Kila nyumba ina kuku."

"Kwangu hakuna," Anastazia akasema. "Mimi sina kuku wa kuambukizwa. Aliyewamaliza ndiye huyu hapa." Akawarudisha kuku tengani, akalinyanyua, akaliweka kichwani, akaondoka. Nikamfuata.

Siku saba jikoni kwa Anastazia

Kuku walikaa jikoni kwake, kwenye kijiti tulichowawekea juu ya kuni. Baada ya kukauka kitetemeko kiliisha, wakaonekana na umbo lao. Ila kule asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani, na kila alfajiri tulikuta wamevimba, mguu mmoja umefichwa tumboni, kifua kinacheza kidogo kidogo. Tukiwapa mahindi na jua likipanda, wanasinyaa. Mimi na Anastazia tulikuwa tunakwenda kuwashika vifua, tunasikia ile nyama inavyorukaruka chini ya vidole, tunatazamana. Tulikuwa kama watoto wenye redio mpya. Niliporudi nimemwuliza bwana mifugo wetu, amethibitisha yote ya Sylvester, akaniuliza nimesoma wapi!

Lakini zaidi ya kuku hatukuongea. Alinipa chakula, alinitandikia, aliniita "mgeni". Mgeni! Mimi niliyemshikia mtoto wake kabla ya babake! Neno hilo lilinichoma, nikalimeza, maana nilistahili.

Siku ya tano mtetea mmoja hakuja kula. Amejikunja kwenye kona, manyoya yamesimama, ukimsogelea anaguna. Anastazia akakaa chini palepale. Mimi nikaanza kukusanya nguo zangu, wallahi, nilitaka kutoroka kwa miguu. Baada ya muda yule mtetea akanyanyuka, akatoa mlio wa kijiji kizima kusikia, na chini yake yai. Tulipumua kama tuliotua gunia.

Siku ya saba Mzee Rwegasira akaja na watu wake. Akawashika mmoja mmoja, akawatazama macho, shingo, kinyesi. Akasema, "Ni wazima." Vigelegele! Wakafunguliwa, jogoo akapanda juu ya kichuguu akawika kana kwamba ameshinda uchaguzi. Kila jirani akaweka oda ya vifaranga wake.

Watu walipotawanyika nilimkuta Anastazia ukumbini anachambua maharage. Nikakaa. Nikasema niliyoyabeba miaka miwili. "Anasta, nisamehe. Niliwaua kuku wako kumi na tisa. Hawa watano hawalipi, najua."

Aliendelea kuchambua. Akatupa kijiwe. Akatupa kingine.

"Kuku niliwalilia wiki moja," akasema. "Wewe nimekulilia miaka miwili. Nilizika kuku kumi na tisa peke yangu, Mwanaidi, nikawa natazama barabara, nasema atakuja tu. Hukuja hata kuniangalia."

Jamani. Nilidhani ananidai kuku! Nilimlalia mapajani nikalia, maharage yakamwagika yote, naye akalia, akanipiga kofi la mgongo, akanipiga la pili, akasema mjinga wewe, nikasema ndiyo.

Siku ile nilikuwa huru kurudi Bugene, na bodaboda alishaitwa. Tulimrudisha. Nilikaa siku tatu nyingine, wala hakuna mwenyekiti aliyenilazimisha.